Mukwe Wangu na Mlima wa Ng'ambo

Asubuhi baada ya mvua kubwa, sisi tunaokaa Kalemie huiona milima ya Mahale upande wa pili wa ziwa. Huanza kuwa myeusi, kisha ya samawati, na jua likipanda huwa kama haikuwahi kuwapo. Ninafundisha jiografia katika chuo kimoja hapa mjini, na nimewaeleza wanafunzi wengi kwamba ile ni hifadhi ya taifa isiyo na barabara ndani yake; kwamba mtu huingia kwa boti na kuizunguka kwa miguu; kwamba mabonde yake yana sokwe na vilele vyake vina baridi. Niliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayejua, ingawa sikuwahi kufika. Na nilipofika, kilichonishughulisha hakikuwa sokwe wala vilele. Alikuwa mume wa binti yangu.

Inanibidi nianze na bukwe, maana msomaji asiyeijua ataniona mwendawazimu. Mama yangu alizaliwa Ankoro, kando ya mto Luvua, na kwetu mwanamke hakutani ana kwa ana na mume wa binti yake. Hawali pamoja, hawapeani mkono, hawaitani kwa jina. Wakionana njiani mmoja huacha njia, na wakiwa na neno la kuambiana hulipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama wote wawili wanasikia. Huo si uadui. Ni haya iliyosimamishwa kama ua kati ya nyumba mbili, ili mama asimwone kijana yule kama mwanamume mwingine yeyote, wala kijana asimwone mama wa mke wake kama mwanamke mwingine yeyote.

Nilipokuwa mwanafunzi Lubumbashi niliyacheka mambo hayo. Binti yangu alipoposwa, niliwaambia wajomba wa kijana kwamba nyumbani kwangu hatutahitaji kujifichana, na wao wakaitikia kwa adabu bila kuniamini. Siku kijana alipokuja mara ya kwanza kama mkwe, alichuchumaa nje ya lango na kuinamisha uso, maana alilelewa na bibi yake huko huko Ankoro. Mimi niliyekuwa nimetayarisha maneno ya kumkaribisha nilijikuta nimekimbilia jikoni na kufunga mlango. Tangu siku hiyo tumeishi vizuri, kila mmoja upande wake wa ukuta. Yeye ni fundi wa mota za boti, mtu wa maneno machache. Binti yangu hajawahi kuniletea machozi ya ndoa, na niliamini kwamba ua ule ulikuwa sehemu ya sababu.

Safari yenyewe ilitokana na mlima wetu wa kaskazini. Msitu wake umewekewa mipaka na serikali, na watu wanaoishi chini yake wamegawanyika: wengine wanataka ulindwe, wengine wanauliza watalima wapi. Kamati ndogo ya usuluhishi iliundwa hapa mjini. Mwenyekiti wake ni mwalimu mkuu mstaafu ambaye kila mtu humwita Papa Prezida, mzee mchangamfu, Mubembe kwa kabila, asiyeweza kunyamaza hata akiwa na homa. Mimi nikawa mwandishi wa kamati. Tukakubaliana kwamba sisi wawili tuende ng'ambo tukaone majirani zetu wanaishije na mlima wao. Mfanyabiashara mmoja akatuazima boti yake ya mbao pamoja na fundi wake. Siku ya kuondoka, fundi huyo akalazwa kwa malaria.

Nilifika bandarini alfajiri nikiwa na begi na mwavuli, nikamkuta Papa Prezida akitabasamu kama mtu mwenye zawadi mfukoni.

"Mama Sekretere," aliniambia, "usiwe na wasiwasi. Nimekuletea muntu wa nyumbani."

Nikatazama nyuma ya boti. Mukwe wangu alikuwa ameinamia mota, na aliponiona alivuta kofia mpaka puani na kuendelea kuinama, mgongo ukiwa umenigeukia. Yeye naye hakuwa ameambiwa.

Ningeweza kurudi nyumbani. Lakini kurudi kungekuwa kumtangaza kijana mbele ya bandari nzima kama mtu aliyekosa jambo, naye hakukosa lolote. Nikamwomba Papa Prezida apange mabidoni ya mafuta na magunia yetu katikati ya boti, yawe ukuta. Nikakaa mbele nikiangalia mbele. Yeye akakaa nyuma na mota zake. Mzee akakaa katikati, juu ya gunia la unga, na akawa daraja letu. Nilitaka jambo moja tu katika safari ile: nirudi Kalemie heshima kati yangu na kijana yule ikiwa nzima kama ilivyoondoka.

Milima ile iko mbele yetu kabisa, lakini huendi moja kwa moja. Unapanda kwanza mpaka Kigoma ili pasipoti igongwe muhuri, kisha unateremka tena kusini kwa pwani ya upande wao, ukipita vijiji vya wavuvi vilivyoshikilia miamba. Siku nzima ya pili tuliiona milima ikikua. Misitu ilishuka mpaka mchangani, na juu ukungu ulikaa mahali pamoja bila kusogea. Papa Prezida alipitisha maneno yetu kwa furaha kubwa, akiyaongezea chumvi. Nikisema, "Mwambie mwenye mota apunguze mwendo, mawimbi yananipiga," yeye huko nyuma alisema, "Mukwe wako analia machozi, punguza." Kijana alipouliza kama Mama amekula, mimi niliambiwa, "Anauliza kama unataka akupikie ugali na mafuta ya mota."

Nilicheka kidogo. Lakini sikunywa maji. Mwanamke yeyote aliyesafiri ziwani anaelewa kwa nini. Boti ile haikuwa na mahali pa kujisitiri, na kuomba ielekezwe ufukoni kulimaanisha ombi lipitishwe kwa mzee mpaka kwa mukwe wangu, na yeye ajue kwa nini. Nililowesha midomo tu. Mpaka tunafika makao ya hifadhi, kichwa kilikuwa kikiniuma na ulimi umekauka kama kitambaa.

Watu wa hifadhi walitupokea vizuri. Ofisi yao ni nyumba chache kati ya miti na maji, hakuna gari wala mlio wa gari, na vitu vyote, hata saruji na misumari, huja kwa boti. Walituuliza tumetoka wapi, na tulipoonyesha upande wa machweo wakacheka, wakasema wao nao usiku huona taa zetu. Walitupa vyumba, na usiku ule, peke yangu na mlango umefungwa, nilikunywa maji kama ng'ombe. Asubuhi nikanywa tena, chai na maji, kwa sababu tuliambiwa njia ni ndefu na jua ni kali. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa Kitongwe, mwembamba, mwenye panga na redio ya upepo, na utani usiokwisha. Alitugawia barakoa, kwa kuwa sokwe huambukizwa mafua ya watu na hufa kwayo. Alitufundisha sheria. Tusile mbele yao. Mwenye haja amwambie yeye kwanza, ili aende naye kando mbali na njia na achimbe shimo. Na zaidi ya yote, tusitawanyike: sokwe wakija, wote tutoke kwenye njia, tuchuchumae upande mmoja, bega kwa bega, ili wajue tuko wapi.

Nilidhani tutakwenda watu watatu. Lakini Papa Prezida alisema haiwezekani kijana avuke ziwa lote kisha abaki kuchunga mota, na kweli alikuwa na haki ya kuona alikotuleta. Sikuweza kupinga. Tukapanga msafara kwa mashauri marefu, mwongozaji akisikiliza na kutikisa kichwa. Kwenye kupanda, mukwe wangu hawezi kuwa nyuma yangu, asije akalazimika kuinua macho kwenye miguu yangu. Basi atangulie mbele kabisa na mwongozaji, nao wapotee kwenye kona. Kwenye kuteremka naye atangulie tena, ili nisiwe na macho yake mgongoni. Mimi nifuate mbali, na Papa Prezida awe katikati.

"Kwetu pia mkwe anaheshimiwa," alisema mwongozaji. "Ila nyinyi mnaheshimiana mpaka mnahitaji ramani."

Barakoa zilinifurahisha. Papa Prezida alisema hifadhi imetuonea huruma, imewafunika wakwe bila hata kuombwa.

Tulipanda kwa saa nyingi. Sitaeleza mengi juu ya msitu, ingawa ulistahili: miti yenye mizizi kama kuta, vijito vya maji baridi yanayokata kifundo cha mguu, kelele za sokwe zikianzia upande mmoja wa bonde na kujibiwa upande mwingine mpaka mwili mzima unasisimka. Mwenzangu mzee alilia machozi ya furaha na hakuona aibu. Mimi nilikuwa na jambo langu. Maji yote niliyoyanywa yalikuwa yakinidai, na kadiri tulivyokwenda yalinidai kwa ukali. Neno lilikuwa dogo: kumwita mwongozaji. Lakini mwongozaji alikuwa mbele na mukwe wangu. Kumwita kungekuwa kusimamisha msafara wote, na kijana angesimama pale akijua mama wa mke wake amekwenda wapi na kwa nini, na shimo limechimbwa. Nikajiambia nitavumilia. Mimi, niliyesoma chuo kikuu, ninayewafundisha wasichana wa mwaka wa kwanza kwamba mwili si dhambi.

Tuliwaona sokwe juu, kwenye miti ya matunda, na tukaanza kuteremka. Njia ilikuwa imelowa, upande mmoja ukuta wa ardhi, upande mwingine bonde. Ghafla mwongozaji akarudi mbio akiwa ameinama, mukwe wangu nyuma yake. Kundi la sokwe lilikuwa likipanda kwa njia ile ile, na mbele alikuwa dume kubwa lenye hasira. Kwa ishara ya mkono mwongozaji alituamuru tutoke njiani na tuchuchumae. Palikuwa na mahali pamoja tu, kijipengo katika ukuta wa ardhi, chenye upana wa mlango, na alitaka tukae humo sote wanne tumebanana.

Papa Prezida aliingia. Mwongozaji akamsukuma mukwe wangu aingie. Pengo lililobaki lilikuwa kando ya kijana yule, bega kwa bega naye, goti kwa goti. Mwongozaji alininong'oneza, "Mama, ingia hapo," na mimi nikaiona nafasi ile, na mwili wangu ukafanya kile ulichofanya siku ya kwanza nyumbani kwangu. Ukarudi nyuma. Mguu wangu wa pili haukukuta kitu.

Sikuanguka mbali. Niliteleza chini ya matawi na majani mpaka mti uliponizuia, na mguu wangu wa kushoto ukabaki umekunjwa chini yangu. Juu, sokwe walipita wakipiga kelele na kutikisa miti, kisha wakaenda zao. Niliponyanyua kichwa niliona uso mmoja ukichungulia ukingoni, na ulikuwa wa mukwe wangu, maana yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Alinitazama kwa muda wa pumzi moja. Kisha akageuka.

Haya ndiyo ninayoona ugumu kuyaandika, na nimeyafuta mara kadhaa. Wakati wa kuanguka, maji niliyoyazuia tangu asubuhi yaliniponyoka yote. Kitenge changu kilikuwa kimelowa kuanzia kiunoni. Nilikuwa nimekaa kwenye majani, mama mzima, mwalimu, nimejikojolea kama mtoto, na mfupa wa mguu ulikuwa ukipiga kelele, na sikujali mfupa hata kidogo.

Mwongozaji na Papa Prezida walishuka. Nilijifunika kwa mikono na mwavuli nikawaambia wasinisogelee, nimeumia tu mguu. Mwongozaji aliongea na redio. Machela yangetoka makao makuu, kwa boti mpaka ghuba ya chini na kisha kwa miguu, na giza lingeingia kabla hayajatufikia. Alijaribu na mzee kuunganisha mikono ili wanikalishe juu yake, lakini njia haikuwa na upana wa watu wawili, na mgongo wa Papa Prezida ulikataa kabla hata sijakalia. Wote wawili wakatazama juu. Mukwe wangu alikuwa amesimama akiuelekea mti, paji la uso karibu linagusa gome.

"Papa," aliuambia mti, "umuulize Mama kama atakubali."

"Mwambie hapana," nikasema. "Mimi ni mukwe wake, si muzigo wake."

Nililisema kwa ukali, na kila mtu alidhani ni bukwe iliyozungumza. Hata mwongozaji aliacha utani. Lakini haikuwa bukwe. Nilikuwa nimeishika desturi ya mama yangu na kuivaa kama nguo ya kufunikia nguo nyingine. Nilijua kwamba kijana yule, aliyeishika desturi ile kwa moyo safi, alikuwa akisikia kwamba mgongo wake haunifai.

Akavua koti lake la mvua, lile refu la plastiki analovaa kwenye mota, akalinyoosha nyuma yake bila kugeuka.

"Papa, umupe Mama ajizungushie hili. Litakuwa ukuta kati yetu. Mimi sitamugusa, nitagusa koti."

Papa Prezida alilipokea kwa sifa tele, akasema hata mababu wangeikubali sheria hiyo. Nikawaomba wageuke wote. Nikajizungushia koti kuanzia kifuani mpaka magotini, nikalifunga kwa mkanda wake, na kitenge kilicholowa kikapotea ndani. Kijana akashuka kinyumenyume, akishika mizizi, akachuchumaa mbele yangu. Nikafunika uso wangu kwa kilemba, nikapanda mgongoni mwake.

Sikumbuki njia. Nakumbuka harufu ya petroli na jasho, na sauti ya plastiki ikisuguana kila hatua. Nakumbuka kwamba alipumua kama mtu anayepanda ingawa tulikuwa tukishuka, na kwamba kwenye mahali pabaya alisema "samahani" kwa sauti ndogo, bila kumtaja aliyeombwa, ili isihesabiwe kuwa ameniambia mimi. Nililia ndani ya kilemba. Papa Prezida alikuwa akiimba nyimbo za kanisa ili kututia moyo, na mimi niliwaza tu kwamba koti liko wazi chini, na kwamba kama unyevu umeteremka, basi mgongo wa mume wa mwanangu unaujua.

Tulipotoka msituni tukakuta watu ufukoni. Redio ilikuwa imewaita: askari wa hifadhi, wapishi, na wageni kadhaa wa Kizungu waliokuja kwa boti yao na kupiga kambi karibu. Walikuwa wameweka kiti mchangani kwa ajili yangu na ubao wa kupandia botini, na mwanamke mmoja alishika shuka safi tayari kunipokea. Walikuwa wakitusogelea kwa wema mtupu. Ningekalishwa pale kwenye kiti, katikati yao, na koti lingefunguliwa ili mguu utazamwe.

Mukwe wangu hakuelekea kwenye kiti. Wala hakuelekea kwenye ubao. Alipita kati yao, mimi nikiwa mgongoni, akaingia ziwani. Walimwita. Maji yakamfikia magotini, kiunoni, kifuani. Nilisikia baridi ikinipanda miguuni. Halafu, ilipobaki kunyoosha tu mkono boti ifikiwe, akainama kama mtu aliyejikwaa kwenye jiwe, na sote wawili tukazama.

Nilipoibuka, nimeshika ubavu wa boti, kilemba kikielea, ufuko wote ulikuwa ukipiga kelele na baadhi wakicheka. Papa Prezida alikuwa ndani ya maji mpaka mapajani, akitikisa kofia.

"We mutoto, unamuzamisha mama ya wantu?"

"Nimekosea, Papa," akajibu, uso akiwa ameugeuzia ziwa. "Miguu imeisha nguvu."

Nilikuwa nimelowa kuanzia nywele hadi vidole, na hakuna jicho lolote duniani lingeweza kutenga maji na maji. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa amejua tangu pale ukingoni, katika ile pumzi moja aliyonitazama. Na koti nalo nikalielewa.

Sasa, msomaji anaweza kudhani kwamba aibu yangu ni ile ya msituni. Ile ilikuwa kubwa, lakini iliyofuata ilikuwa nzito zaidi, kwa kuwa niliibeba Kalemie nikiwa na nguo kavu.

Mguu ulifungwa plasta. Papa Prezida, ambaye hana ubaya wowote moyoni, aliisimulia safari bandarini, uani mwa kanisa, na kila alipokaribishwa chai, na sehemu iliyopendwa kuliko zote ni ile ya kijana aliyembeba mama mkwe mlima mzima kisha akamwangusha hatua ya mwisho. Wenzake kwenye karakana wakaanza kumwita Mubatizaji. Watu waliohitaji kutengenezewa mota walimuuliza kama nazo atazitumbukiza. Binti yangu mwenyewe alikuja kuniomba radhi kwa ajili ya mume wake, akasema amemfokea, akasema mtu mwenye mikono ile angewezaje kukosa nguvu miguuni. Nilimwuliza mumewe alijibu nini. "Hakuna," alisema. "Anasema tu alichoka." Nilimwambia amwache. Sikumwambia zaidi. Nilikuwa na mdomo, na siku nyingi za kukaa kitini, nikautumia kunywa uji.

Kisha wajomba zake wakatuma neno. Kwa macho yao mtoto wao alikuwa amevunja bukwe mara mbili: amemgusa mama wa mke wake, na amemdhalilisha mbele ya wageni. Walitaka waje kusafisha jambo hilo kwa kuku na kitambaa, kama inavyofanyika. Kwa upande wetu alikuja mama mukubwa, dada wa mama yangu, mwanamke aliyezika na kuzalisha watu wengi kuliko awezavyo kukumbuka, ndiye aongoze kikao.

Walikaa sebuleni. Mukwe wangu alibaki barazani, nje ya mlango, mgongo akiwa ametugeuzia, kama ilivyo haki. Niliweza kuona bega lake moja na sikio. Mjomba mkubwa aliongea vizuri, kwa huzuni. Alisema kijana alilelewa na bibi, hakukosa mafundisho, lakini siku ile Mungu alimnyima nguvu, na ukoo unaomba usihesabiwe kosa la miguu ya mtoto mmoja. Akamwomba Papa Prezida, kama shahidi, aeleze ilivyokuwa, na mzee akaeleza, na alipofika kwenye maji hata mama mukubwa alibana mdomo asicheke. Lile sikio barazani halikutikisika.

Kitambaa kiliwekwa mbele yangu. Kilichobaki ni mimi kukigusa, na neno lingeisha. Kijana angekuwa amesamehewa. Angesamehewa maisha yake yote, kila Krismasi, kila ubatizo wa mtoto, na watoto wake wangekua wakilisikia.

"Hakuniangusha," nikasema. "Alinificha."

Mjomba hakuelewa. Aliuliza kwa adabu jinsi mtu anavyoweza kufichwa katikati ya ziwa, mbele ya watu wote wale. Sikuwa na jibu ambalo ningeweza kulitoa mbele ya wanaume wanne. Nilitazama mikono yangu. Nilihisi moto ukinipanda shingoni mpaka kwenye mizizi ya nywele, na nikajua kwamba kunyamaza kwangu kulikuwa kukieleza kila kitu, polepole, kwa kila mmoja kwa zamu yake. Mama mukubwa alinitazama usoni, akatazama plasta, akamtazama Papa Prezida, kisha akanirudia tena. Niliona akili yake inapofika.

"Muulize swali lingine," alimwambia mjomba. "Hilo limejibiwa."

Papa Prezida alikuwa amefungua mdomo ili aongeze jambo. Akaufunga. Akavua kofia, akaiweka magotini na kuanza kuikunja ukingo. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona mzee yule hana la kusema, na nilijua kwamba kuanzia siku hiyo, kila atakaponiona kwenye kamati, atakumbuka.

Mama mukubwa alikikunja kitambaa na kumrudishia mjomba. Kuhusu kuku alisema atabaki, lakini safari ya kuku imegeuka: sasa anayedaiwa ni mwenye nyumba. "Utamupikia wewe," aliniambia, "kwa mikono yako. Na usitume mutoto kupeleka."

Nilipika nikiwa nimeegemea meza, mguu mmoja juu ya kigoda. Binti yangu alisimama mlangoni mwa jiko akilia kimyakimya. Alikuwa ameelewa naye, na alikuwa akifikiria maneno aliyomfokea mumewe. Sikumbembeleza. Tulikuwa wawili wenye la kulia.

Nilibeba sahani mwenyewe mpaka barazani, mkongojo kwapani, nikienda hatua moja na kupumzika. Mukwe wangu aliposikia mkongojo ukigonga sakafu akaanza kuinuka ili anipishe, kama alivyofundishwa.

"Kaa, mwanangu," nikasema.

Hatukuwahi kusemeshana bila mtu wa tatu. Alikaa, lakini nilimwona akishika ukingo wa kigoda kama mtu aliye kwenye boti. Niliweka sahani kando yake, firigisi juu, mahali inapowekwa kwa mtu mkubwa wa nyumba.

"Asante, Mama," aliiambia sahani.

Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilitaka kumwambia kwamba nilijua, na kwamba nilichelewa. Lakini alikuwa amekwisha inamisha kichwa, na mkono wake ulikuwa umesimama juu ya ugali bila kuugusa, na nikaelewa kwamba hawezi kula nikimtazama, na kwamba kila neno ambalo ningeliongeza lingelifungua koti lile alilonifunika. Nikageuka, nikampa mgongo, nikasimama hapo hapo nimeegemea nguzo ya baraza. Baada ya muda nikamsikia anaanza kula.